Safari ya Isongole Kumfuata Aliyewaona Ng'ombe Wangu

Niliondoka nyumbani kwa sababu Diwani Gervas alisimama mbele ya kamati ya ardhi ya wilaya akasema ng'ombe wangu walikufa kwa ugonjwa. Alisema hivyo kofia mkononi, sauti chini, kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi. Walifia zizini, akasema, wakafukiwa kwa chokaa, na familia ya huyu Msukuma iliyoleta ugonjwa bondeni iondoke kabla ya mvua. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kama nina mtu yeyote aliyewaona ng'ombe hao wakiwa hai baada ya kukamatwa. Nikasema ninaye. Akasema, basi mlete kikao kijacho, asipokuja tunafunga.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Ni Tusekile, aliyekuwa mtangazaji wa siasa na mambo ya nje pale Tunduma. Nilisikia amerudi kwao Isongole, hataki tena kusikia habari ya redio.

Nieleze kwanza kwa asiyejua, maana wengine mmehamia bondeni juzi. Kiangazi kile cha oparesheni walikuja kukamata mifugo yetu huku chini Momba, wakasema tumeingia bila kibali. Mbele alikuwa Gervas. Pembeni yake alikuwa Boston, dalali wa mifugo, aliyevaa koti la mgambo wakati si mgambo. Waliwaswaga ng'ombe wangu wote hadi zizi la kata. Kisha nyumba zikaanza kuwaka. Aliyewasha kiberiti simjui. Aliyesimama njiani akisema "malizeni na ile" namjua, ni Gervas, na jina lake naliandika hapa kwa mkono wangu. Mdogo wangu Shija aliingia ndani kumtoa binti yangu Doto. Alimsukumia dirishani, mimi nikampokea, halafu paa likashuka. Nilimvuta Shija kwa mkono huu wa kushoto ambao mpaka leo haunyooki. Tulimzika nyuma ya zizi. Hapo alipolala ndipo Gervas anapotaka kulima mpunga.

Nilipokwenda ofisi ya kata kudai, karani aliniuliza, "Wangapi?" Sasa, sisi hatutaji hesabu ya ng'ombe kwa mdomo. Baba yangu hakuitaja, na baba yake hakuitaja. Ukiitaja ni kama umewaita fisi na maradhi waje wapunguze. Ng'ombe wako unawajua kwa majina na rangi, unawaita mmoja mmoja, basi. Nikaanza kuwataja. Pembe-Chini. Bibi Harusi. Mwekundu wa Tumbo Jeupe. Kanga. Mama yake Kanga. Karani akaweka kalamu chini akacheka, na Gervas akasema, "Huyu anaimba." Wakaandika kwamba mlalamikaji hajui. Watu wananiambia mpaka leo kwamba kosa lilikuwa langu, ningesema namba yoyote. Sikubali. Mwizi ndiye mwenye kosa.

Siku chache baadaye akaja Tusekile kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alikaa kwenye kinu kilichobaki, akanisogezea simu mdomoni, akasema, "Baba Kulwa, wataje kama unavyowataja." Nikawataja wote, hakunikata hata mara moja. Nilipomaliza, nikamwambia na mengine niliyosikia kwa majirani. Kwa kila jambo alikuwa na swali lake lile lile: "Umeona mwenyewe au umeambiwa?" Nikisema nimeambiwa, analiacha. Nilikasirika. Nilidhani haniamini. Kesho yake jioni redio ikanitoa, sauti yangu nzima, ng'ombe wangu wote, Tunduma nzima ikasikia, na ng'ambo ya mpaka pia wakasikia.

Baada ya hapo tukasikia amekamatwa ng'ambo, alikokwenda kuwatazama ng'ombe wangu. Kisha redio ikawa na sauti nyingine.

Asubuhi ya kuondoka, mke wangu alinifungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye khanga. Tulikuwa tumekubaliana juu ya mtamba mmoja, mweusi mwenye nyota kwenye paji la uso, binti wa wale wachache tuliopewa na shemeji zangu tuanze upya. Kwetu huendi kumwomba mtu jambo kubwa mikono mitupu. Mtamba haendi kwa gari, lakini neno lake linakwenda.

"Mwambie mapema," mke wangu alisema. "Usingoje mpaka akatae ndiyo umtaje ng'ombe, ataona unapandisha dau."

"Mama Kulwa, mimi nimeoa kwa ng'ombe. Najua kuzungumza."

"Uliyezungumza ni mjomba wako. Wewe ulikuwa umekaa unatazama viatu."

Nikapanda lori la mpunga, juu ya magunia. Utingo alikuwa Mnyamwanga mmoja mwenye mdomo. Alinitazama na fimbo yangu akasema, "Msukuma, leo unachunga magunia?" Nikamwambia magunia yana adabu kuliko yeye. Akacheka, akanipa turubai nijifunike. Barabara ile ya bondeni mnaijua. Kila korongo tulishuka, lori likavuka tupu, tukapanda tena. Ukitoka chini joto linakuwa nyuma yako, na miti inaanza kubadilika. Nilipoona vilima niliwaza kwamba Tusekile alipita njia hii hii kwa pikipiki, akija kwa mtu asiyemjua.

Chitete tulifika jua likiwa limepanda. Ni makao makuu ya wilaya, lakini ukitoka nje ya ofisi hatua chache uko shambani. Nilikaa kwenye kibanda cha chai mkabala na halmashauri kungoja gari la kwenda Tunduma. Mwenye kibanda, mama mmoja mnene anayeitwa Mama Ombeni, aliposikia namtafuta Tusekile aliweka birika chini.

"Yule? Alikuwa anakaa hapo ulipokaa. Siku za baraza la madiwani alikuja wa kwanza. Diwani mmoja akasema ndani ya kikao, daraja la kijiji fulani limekamilika, makofi yakapigwa. Yeye akatoka kimya, akakodi pikipiki, akaenda kulitazama daraja."

"Akalikuta?"

"Alikuta magogo mawili na mbuzi. Jioni akasema redioni hivyo hivyo, magogo mawili na mbuzi. Hakuongeza neno! Hapa watu walicheka wiki nzima. Diwani akaja kufoka: kwa nini umesema mbuzi? Akamwambia, kwa sababu nilimwona."

Bado tunacheka, gari jeupe likasimama na Gervas akashuka. Alikuwa na watu wawili na amevaa vizuri, siwezi kusema uongo. Akaniona, akaona na mzigo wangu.

"Baba Kulwa! Safari ya wapi, mzee wangu?"

"Natembea."

"Msukuma hatembei bila ng'ombe." Wenzake wakacheka. Akavuta kiti akakaa karibu yangu mpaka nikasikia manukato yake. "Kama unamfuata yule dada wa redio, mwache apumzike. Aliingia nchi ya watu bila karatasi. Akifungua tena mdomo, kuna watu watamkumbusha. Unataka apate shida kwa ajili yako?"

"Wewe umeanza lini kumhurumia?"

"Mimi nahurumia kila mtu. Mama Ombeni, wape watu wote chai, nalipa mimi."

Vikombe vikaja. Wengine walikunywa, siwalaumu, chai ni chai. Changu nilikiacha kikapoa mbele yake. Nilipoondoka nilisikia akimwambia mtu, "Yule moshi ulimwingia kichwani." Moshi. Shija alikufa ndani ya moshi huo, na yeye anaufanyia mzaha akiwa na andazi mkononi.

Lakini maneno yake yaliniingia, nisidanganye. Njia nzima ya kwenda Tunduma nilijiuliza kama nina haki ya kumrudisha yule mama kwenye moto kwa sababu ya makazi yangu.

Tunduma unaanza kuijua kabla hujaiona, kwa malori. Yamepanga foleni kutoka mbali, madereva wamefunga vyandarua chini ya matela, wanapika ugali pembeni ya matairi. Mjini ni kelele za wenye kwacha wanaobadilisha pesa, mahindi yanashuka, sabuni zinapanda, na kila mtu anazungumza lugha tatu. Mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki wakavu aliniamkia, "Mulishani, batata?" nikamjibu "Bwino" kama mwenyeji, kumbe ndilo neno pekee nililo nalo. Akaendelea kwa Kibemba kama mvua, nikabaki natikisa kichwa mpaka nikauziwa samaki.

Mpaka wenyewe unashangaza mtu wa bondeni. Kuna geti na maofisa na foleni, kweli. Lakini pembeni ya geti kuna nyumba, na uchochoro, na mtaro wa maji machafu, na ukiruka mtaro umeshafika Zambia. Watu wana shangazi upande ule na duka upande huu. Mtoto anatumwa chumvi nchi nyingine na anarudi kabla maji hayajachemka.

Nilikwenda kwa Mama Chola, mwenye hoteli ya ugali chini ya ghorofa lenye ile redio. Tusekile alikula kwake miaka yote ya kazi. Aliponiambia nikae, nilimwambia mimi ndiye yule wa ng'ombe. Akaniita ndani jikoni, akanipakulia maharage bila kuuliza.

"Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo," Mama Chola alisema huku akisonga. "Fulani wa Mpemba amefariki, ndugu wa Mbozi, wa Nakonde ng'ambo, popote walipo wapate habari. Alikuwa akimaliza kusoma ananiambia, Mama Chola, hakuna tangazo lenye mipaka. Msiba wa hapa una ndugu kule. Akawaza, kama msiba unavuka, mahindi nayo yanavuka, na siasa inavuka. Ndiyo akaingia mambo ya nje."

Nikamuuliza mambo ya nje ya mtu asiyepanda ndege ni yapi.

"Haya unayoyakanyaga! Lusaka wakizuia mahindi, hapa debe linapanda, yeye anakueleza kwa nini. Wakiwa na uchaguzi kule, anakaa na madereva wao hapo kwenye benchi, anauliza. Lilongwe wakibadili neno, anajua kutoka kwa wauza mchele wa Isongole. Wenye redio kubwa za mbali walikuwa wanampigia, Tusekile, mpakani kukoje? Anajibu akiwa amekaa kwenye hilo gunia la mkaa, kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika."

Kisha akanieleza siku yenyewe. Baada ya sauti yangu kutoka redioni, mwanamke wa ng'ambo alipiga simu. Akasema ng'ombe mwenye pembe iliyolala na mwekundu wa tumbo jeupe wako kwenye uwanja wa Boston kule, wanangoja kuchinjwa. Mama Chola alimwambia, tangaza. Tusekile akasema hapana, hilo nimeambiwa, sijaona. Kibali cha mwandishi kufanya kazi nchi ile kinachukua muda, na ng'ombe hawangoji. Basi akafanya kama kila mtu wa Tunduma anayetumwa chumvi. Akaruka mtaro.

"Mtu wa mji mwingine angeogopa mpaka," Mama Chola alisema. "Sisi tumezaliwa juu yake, hatuuoni. Ndicho kilichomponza. Kwa shangazi yake sawa. Lakini kwenda kazini, ile ni nchi ya watu."

Watu wa Boston walimwona uwanjani na simu mkononi, wakawaita askari wa kule. Simu ikachukuliwa, haijarudi. Alipoachiwa na kuvuka akirudi, akiwa bado na nguo zile zile, Lackson mwenye redio alikuwa ameshamwondoa. Lackson naye namtaja. Matangazo ya kampeni ya Gervas yalikuwa yanasomwa kwake asubuhi na jioni. Alimwambia Tusekile kwamba amechafua jina la kituo. Mama Chola alimtupia maji ya vyombo ngazini siku ile, na mpaka leo Lackson hali pale.

Kutoka Tunduma nilichukua gari hadi Mpemba, na Mpemba nikapata jingine la Isongole. Njia ile sasa ni lami, inapanda na kushuka vilima, na baridi inaingia kwenye mifupa. Wilaya ile ya Ileje ni kijani hata kiangazi. Migomba, kahawa, maharage kila mteremko. Nilikuwa nimevaa kwa joto la bondeni, nikajifunga ile khanga ya viazi shingoni. Abiria wenzangu walizungumza Kindali, nikasikia jina la Tusekile, nikauliza. Wakaniambia anauza maharage, kibanda cha tatu ukiingia sokoni.

Isongole nilimkuta amepiga magoti anachambua maharage, akitoa mabovu. Amekonda. Alinitazama kidogo, halafu akautazama mkono wangu wa kushoto.

"Baba Kulwa. Haukunyooka."

"Haukunyooka, mama."

"Doto?"

"Yuko darasa la sita. Anakusalimu."

Akasimama, akajipangusa, akamwachia jirani kibanda, tukaenda kwao. Mama yake, Mama Tusekile kama wanavyomwita majirani, alikuwa barazani anamenya ndizi. Tukasalimiana vizuri mpaka niliposema nimetoka Momba. Kisu kikasimama.

"Wewe ndiye wa ng'ombe."

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kumchukua tena." Hakuuliza, alisema. "Waliniletea mtoto hawezi kula. Alikuwa anakaa hapo anatazama ukuta. Sasa anakula, anacheka, anauza. Rudi kwenu, baba. Sikuchukii, lakini rudi."

Nikaeleza nilichokuja nacho. Gervas amesema walikufa kwa ugonjwa. Kamati itakaa. Asipopatikana wa kuwaona wakiwa hai, tunaondoka, na kaburi la Shija linalimwa. Nikakumbuka maneno ya mke wangu, nikasema mapema, "Sikuja mikono mitupu. Kuna mtamba mweusi, ana nyota hapa. Ni wako, uje au usije."

Mama mtu akageuka. "Mtamba?"

"Mtamba, mama. Mwakani anazaa."

"Wa maziwa?"

"Mama yake anajaza kibuyu."

Yule bibi alianza kumenya ndizi taratibu sana. Lakini Tusekile alikuwa ameshatikisa kichwa.

"Simchukui, Baba Kulwa."

"Tusekile!" mama yake akasema. "Redio ilikupa nini? Ulirudi na begi moja! Mtu anakupa ng'ombe mwenye nyota, unakataa?"

"Mama, nikimchukua nimenunuliwa. Nikisema neno lolote pale, Gervas atasema limelipiwa ng'ombe."

Nikaumia, siwafichi. Kwetu kukataliwa ng'ombe ni kukataliwa wewe. Nikachukua fimbo yangu nikasimama, nikasema basi, nimeelewa, nitaondoka. Akanishika ule mkono usionyooka.

"Kaa. Sijamaliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza niliona nini kule. Askari waliniuliza nilipitia wapi. Lackson aliuliza nani alinituma. Wewe hutaki kujua niliona nini?"

Nikakaa. Nikauliza, na ndivyo alivyonieleza.

Alifika uwanjani kwa Boston, akakuta ng'ombe wengi wamechanganywa, wa watu tofauti. Angewajuaje? Pembe zilizolala zilikuwa nyingi, wekundu walikuwa wengi. Akasimama kwenye ua akafungua simu, akaweka sauti yangu niliyowataja. Akaipandisha mpaka mwisho. Anasema mwanzo hakuna kitu. Halafu kichwa kimoja kikainuka, Pembe-Chini. Kisha Bibi Harusi akageuka. Kisha wakaanza kuwapenya wengine, wakaja uani mmoja mmoja, wakasimama mbele ya simu wanainusa, masikio mbele, wakingoja mimi nitoke mle ndani.

Nililia. Mtu mzima, mbele ya ndizi za watu. Yule bibi akainuka akaniletea maji, akanibembeleza kwa Kindali, "ndaga, baba, ndaga," akabaki amesimama pale na kikombe. Baadaye akamgeukia binti yake. "Nenda," akasema. "Lakini unavaa sweta langu, na ukichelewa nakuja mwenyewe."

"Bondeni ni joto, Mama."

"Utalivaa."

Tulirudi njia ile ile, Mpemba, Tunduma. Pale Mama Chola alimkumbatia wakatikisika wote wawili, kisha akamgombeza kwa kukonda. Jambo moja niliona. Tulipopita chini ya ghorofa la redio, Tusekile hakuinua macho, lakini alipunguza mwendo, na midomo yake ikafuata maneno ya habari yaliyokuwa yanasomwa kule juu. Msomaji alikosea jina la mji mmoja wa Malawi. Akalisahihisha chinichini, peke yake, akaendelea kutembea. Nilijua hapo kwamba yule hakuwa ameacha kazi, alinyang'anywa. Mimi namjua mtu aliyenyang'anywa.

Chitete, siku ya kikao, ukumbi ulijaa. Watu wa bondeni walikuja, na mke wangu alikuja na watoto. Gervas alikaa mbele. Boston hakuwepo, nasikia alikuwa na shughuli. Tusekile aliitwa, akasimama na lile sweta mwilini, jasho linamtoka. Akasema aliyoyaona, kwa mpangilio, bila kuongeza, na alisema hata kwamba alivuka bila kibali. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, haya uliyaona au ulielezwa?"

Nilimwona akitabasamu kidogo. "Niliona mwenyewe."

Gervas akanyanyuka. "Mheshimiwa, huyu ameletwa kwa rushwa! Mlalamikaji amekwenda kwao na ahadi ya ng'ombe, nchi nzima inajua!"

Hapo kabla sijafungua mdomo, mke wangu akasema kutoka nyuma, "Mtamba yuko nyumbani, amefungwa! Amekataliwa! Mume wangu amerudi naye mdomoni!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na hata mwenyekiti alijifunika kwa mkono. Gervas akakaa.

Kisha mwenyekiti akauliza swali ambalo nililiogopa. "Hao ng'ombe uliowaona wakija kwenye sauti, walikuwa wangapi?"

Nilitazama chini. Nikawaza, sasa atasema namba, ana haki, si mila yake, na namba ndiyo wanayoitaka. Tusekile akanitazama mimi, halafu akaanza. Pembe-Chini. Bibi Harusi. Mwekundu wa Tumbo Jeupe. Kanga. Mama yake Kanga. Akaenda hivyo hivyo, kwa mpangilio wangu, kwa pumzi yangu, wote, na wale ambao hawakuja uani aliwasema kwamba huyu sikumwona. Alikuwa amesikiliza sauti ile kiasi hicho. Karani wa kamati alikuwa kijana, aliandika majina yote, na alipoachwa nyuma akasema, "Samahani mama, baada ya Kanga?" Ukumbi mzima wa wafugaji ukamjibu kwa pamoja: "Mama yake Kanga!"

Uamuzi ulisomwa alasiri. Habari ya ugonjwa haikuthibitika, familia ibaki ilipo, na suala la mifugo kuvushwa lipelekwe polisi. Ng'ombe wangu waliliwa zamani, hilo sijadanganyika nalo. Gervas bado ni diwani, bado ananunulia watu chai. Polisi wanasema wanafuatilia. Boston nasikia amefungua bucha mahali pengine. Nawataja tena ili asiseme mtu kwamba niliwasahau: Gervas, Boston, Lackson. Lakini Shija amelala alipolala, na mwaka huu nyuma ya zizi sijaona jembe la mtu.

Barabarani, tukingoja gari lake, nilimwambia sina cha kumpa. Akavua sweta la mama yake, akalikunja, akauliza, "Yule mtamba anaitwa nani?"

"Bado. Tunangoja tumjue tabia."

"Mpeni langu."

Mke wangu akashika mdomo. "Mama, jina lako kwa ng'ombe? Nikimfokea zizini je?"

"Fokeni tu. Redioni nilizoea."

Gari likaja, akapanda. Sasa anauza maharage, na jioni madereva wa Malawi na watu wa Isongole wanakaa kibandani kwake wanamuuliza mambo ya nchi tatu, naye anawauliza. Mama Chola ananiambia wenye redio za mbali wameanza tena kumpigia, mpakani kukoje.

Mimi nilisoma mpaka la nne. Nilidhani kazi ya yule mama ni kusema. Katika safari hii nimejua kwamba kusema kulikuwa sehemu ndogo, nyingine yote ilikuwa ni kwenda. Kila asubuhi nawatoa ng'ombe kwa majina yao, kama zamani. Wengine wakisikia jina wanatoka kwa vurugu, wanasukumana. Tusekile hutoka wa mwisho. Namwita, anafika mlangoni mwa zizi, anasimama pale na nyota yake, anatazama kulia, anatazama kushoto, na mpaka aone mwenyewe, hatoki.